Mshono umekauka, mama je? Maswali yenu kuhusu kupona baada ya oparesheni ya uzazi

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu, kwamba kidonda kukauka ni kitu kimoja na mama aliyezaa kwa kisu kupona ni kitu kingine, basi barua zikamiminika. Nimechukua chache zinazokaribiana. Mlioniuliza mambo ya makovu na mafuta ya kupaka mtanisamehe, hayo tutayafanyia siku yake.

Dada Mkunga, habari za kazi. Nimejifungua mtoto wa kwanza kwa oparesheni ya dharura, uchungu ulikaa usiku mzima mtoto hashuki. Siku ya kuruhusiwa daktari wa raundi alifunua bandeji akasema mshono safi, presha safi, joto safi, nenda nyumbani. Mi hapo siwezi hata kuinuka kitandani bila kuvutwa mkono, mtoto nikimpakata lazima mtu ashikilie, chooni naogopa kwenda, nikicheka nahisi tumbo linaachia. Nikanyamaza maana kwenye faili niko safi. Hivi wanapima nini mpaka waseme mtu amepona? Na kipimo kikisema safi halafu mwili unakataa nimsikilize nani? – Mama wa Kwanza

Hongera mdogo wangu, na pole. Usikilize mwili wako, na nitakwambia kwa nini hata wataalamu wa vipimo siku hizi wanasema hivyohivyo.

Kwanza tusimwonee daktari. Alivyovipima vina kazi yake, tena kubwa, maana saa 24 za kwanza baada ya kuzaa ndizo zenye hatari kuliko zote, damu inaweza kumwagika, presha inaweza kupanda bila mwenyewe kujua, ndo maana nesi anakuja kila mara kuangalia mapigo, presha, pumzi, pedi imelowa kiasi gani, mkojo unatoka au hautoki. Na yule anayekuamsha usiku wa manane kukubonyeza chini ya kitovu, ambaye najua mlimchukia, anatafuta mji wa mimba kama umejikaza, akiukuta laini chini ya kiganja anajua damu inaweza kufuata muda wowote. Hivyo vyote havirukwi.

Ila vyote vinajibu swali moja tu, huyu mama yuko hatarini sasa hivi au hayuko. Swali lako wewe ni lingine kabisa, unauliza kama umerudi kuwa mtu anayejiweza, na hilo presha haiwezi kulijibu.

Sasa sikia kitu kinachonikera miaka yote. Mwanao alipotoka tu alipewa maksi, dakika ya kwanza akapewa, dakika ya tano akapewa tena: rangi ya mwili, mapigo ya moyo, anavyoshtuka akiguswa, misuli, pumzi, kila kimoja 0 mpaka 2, jumla 10. Hiyo ndo Apgar, kutoka kwa Dokta Virginia Apgar wa Marekani, mtaalamu wa ganzi na usingizi, aliichapisha mwaka 1953. Mama yake aliyelala palepale tumbo limefunguliwa? Huyo amesubiri mpaka 2019 ndo watafiti wa Uingereza wakachapisha dodoso la kupima kupona kwa mama baada ya oparesheni ya uzazi, linaitwa ObsQoR-11. Kabla ya hapo yalikuwepo madodoso ya kupona oparesheni kwa ujumla, lipo la maswali 40, lipo la maswali 15, na ni mazuri tu, lakini aliyetolewa kidole tumbo hakabidhiwi mtoto wa kunyonyesha akiwa bado yuko kwenye dripu.

Hili la akina mama lina maswali 11 na yote anajibu mama mwenyewe kuhusu saa 24 zilizopita. Umepata maumivu ya wastani? Makali je? Kichefuchefu au kutapika, kizunguzungu, kutetemeka? Umejisikia vizuri mwilini? Halafu yanakuja yale ninayoyapenda mimi: unaweza kutembea mwenyewe, unaweza kumshika mtoto bila msaada, unaweza kumnyonyesha au kumlisha bila msaada, unaweza kwenda choo na kujisafisha mwenyewe, na la mwisho, unajiona una usemi juu ya hali yako au mambo yanakwenda tu juu ya kichwa chako. Kila swali 0 mpaka 10, jumla 110, ukipata nyingi ndo uko vizuri, hata kwenye maumivu na kutapika 10 maana yake hujasumbuliwa kabisa. Baadaye wakayaunganisha yale mawili ya maumivu, likawa la maswali 10 na jumla 100.

Soma tena barua yako sasa. Kuinuka, kumshika mtoto, choo. Umeandika dodoso zima bila kuliona.

Alafu wewe ulikuwa wa dharura. Mtu aliyeingia chumba cha oparesheni asubuhi baada ya kulala usingizi wake, siku imepangwa, hawezi kulinganishwa na wewe uliyeingia baada ya usiku mzima wa uchungu, hujala, hujalala, umeogopa. Wa kitanda cha jirani akikupita akienda kuoga kabla yako usijione mzembe, hamkuanzia sehemu moja.

Kuna wanaopima kupona kwa kuhesabu siku za kulazwa, wakiona mama ametoka mapema wanaandika amepona haraka. Kipimo hicho mi sikipendi hata kidogo. Wodi ikijaa unaruhusiwa, mtoto akiwa na manjano unabaki, yaani kinakwambia habari za vitanda na za mtoto kuliko za mama.

Kwa hiyo ukirudi kliniki, au hata leo kwa simu, usijibu "niko sawa" au "naumwa kidogo", maneno hayo hayana pa kushikwa. Sema kwa kitendo: siwezi kuinuka bila kuvutwa, siwezi kumnyanyua mtoto, sijapata choo tangu oparesheni. Hapo anayekusikiliza anajua aanzie wapi. Na unavyovutwa mkono ukiwa umelala chali ndo unazidi kujiumiza, geuka ubavu kwanza, shusha miguu, halafu jisukume kwa mkono na kiwiko mpaka ukae, tulia hapo kizunguzungu kipite ndo usimame. Ukitaka kukohoa au kucheka bana mto juu ya mshono. Dawa za maumivu meza kwa saa kama ulivyoandikiwa, usisubiri mpaka uumwe ndo ukimbilie kidonge, paracetamol ya kila baada ya saa 6 ina maana ya kila saa 6, si ya ukikumbuka, na ibuprofen kama uliandikiwa na huna vidonda vya tumbo wala tatizo la figo zinakwenda pamoja. Zote mbili anayenyonyesha anatumia, usijinyime eti kwa ajili ya maziwa.

Bi Mkunga, mke wangu kila akiulizwa maumivu ni ngapi kati ya sifuri na kumi anasema mbili. Lakini akisimama namwona uso unakunjamana na anatembea ameinama. Dada yangu anasema anajikaza tu. Sasa hiyo namba ina maana gani? – Baba Mpya

Shemeji, ulizia alikuwa kwenye hali gani alipoulizwa. Bila shaka alikuwa amelala, ametulia, mtoto kalala, hapo hata mimi ningesema mbili. Maumivu ya oparesheni ya tumbo yanaulizwa mara mbili, akiwa ametulia na akiwa anainuka au anakohoa, na hiyo ya pili ndo yenye habari, maana ndo inayoamua kama atanyanyuka kitandani au atabaki amelala siku nzima, na mama anayelala tu siku nzima damu inaweza kumganda kwenye miguu. Ukikuta mbili akilala na saba akiinuka, huyo dawa hazijamtosha, mrudisheni kwa aliyeziandika.

Alafu usichukue mbili ya mkeo ukailinganisha na sita ya mwanamke mwingine. Namba ya mtu ni ya mtu. Ilinganishe na ya kwake ya jana. Jana saba, leo sita, kesho tano, mnakwenda vizuri hata kama bado anakunja uso. Ninayoiogopa mimi ni ile iliyokuwa inashuka, siku ya tano hivi mara imepanda, ngozi ya pembeni ya mshono imekuwa nyekundu na ya moto, panatoka majimaji yenye harufu, au mshono unaachia, au joto limefika 38. Hiyo hospitali siku hiyohiyo, msisubiri tarehe ya kadi. Na msijidanganye kwamba wiki ya kwanza ikipita salama basi hatari ya kidonda imeisha, wanaofuatilia maambukizi ya kidonda cha oparesheni wanahesabu mpaka siku 30, na mengi yanajitokeza mama akiwa ameshafika nyumbani, daktari haoni, anayeona ni wewe.

Nikuongezee mengine ya kukimbilia hospitali maana umeuliza kama mtu anayetazama vizuri: mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi, kifua kubana au pumzi kukata, pedi kulowa yote ndani ya saa moja au kutoka mabonge makubwa, kichwa kikali na macho kuona ukungu au nyotanyota. Kichwa kinachopiga akikaa na kutulia akilala chali, hicho mara nyingi kinatokana na sindano ya ganzi ya mgongoni na kina matibabu yake, asikivumilie.

Kuhusu kujikaza, dada yako anaweza kuwa na haki. Wengine wanaogopa kuitwa wadekaji. Wee acha namba, mwulize vitendo: umemnyanyua mtoto mara ngapi leo bila kuita mtu? Hapo hakuna wa kujikaza. Na maumivu yakivuka miezi 3 hayo yanaitwa sugu, yanatafutiwa sababu na dawa, asikubali kuambiwa azoee.

Mi ni nesi wa wodi ya wazazi. Tunataka kuanza kupima akina mama wanavyopona baada ya oparesheni ila mkuu wa wodi anasema tutaongeza makaratasi tu. Tuanzie wapi? – Nesi wa Zamu ya Usiku

Mwenzangu, mkuu wako kasema kweli nusu. Makaratasi yakijazwa yakaenda kabatini ni mzigo, na nyie wa usiku mnajua nani atabebeshwa.

Anzeni na vilivyopo kwenye faili tayari ila havina saa. Kwenye faili nyingi utakuta alama ya vema, "ametembea", basi. Ametembea saa ngapi? Andikeni saa: saa aliyotoka chumba cha oparesheni, saa aliyokula, saa mpira wa mkojo ulipotolewa, saa aliyokojoa mwenyewe, saa aliyosimama mara ya kwanza, saa mtoto aliponyonya. Miongozo ya kimataifa ya kupona haraka baada ya oparesheni ya uzazi, ya 2019, inasema mama ale chakula cha kawaida ndani ya saa 2, mpira wa mkojo utoke mapema kama hakuna sababu ya kuuacha, atembezwe mapema. Sasa mkiandika saa kwa mwezi mmoja tu mtashangaa wenyewe, mtakuta mama yuko tayari kusimama ila mpira upo kwa sababu wa kuutoa alibadilishana zamu na hakuna aliyeachiwa maagizo. Hilo si tatizo la mama na halihitaji dawa, na ndo litakalomfanya mkuu wako akubali.

Dodoso lije baada ya hapo, hilihili la maswali 10 linatosha, likiwa kwenye lugha mama anayoielewa na mkiwa mmelijaribu kwanza kwa akina mama wachache muone wanaelewaje. Mwulizeni kila mama muda uleule, tuseme saa 24 baada ya oparesheni, maana ukimwuliza mmoja saa 12 na mwingine saa 36 umelinganisha nini hapo? Asiulize aliyempasua. Mama gani atamwambia daktari usoni kwamba kazi yako bado inaniuma? Wala asiulizwe ndugu wamejaa kitandani, mama mkwe akiwa amekaa hapo swali la choo litajibiwa "naenda vizuri". Asiyesoma asomewe polepole, bila kumpa jibu mdomoni, ile ya "umetembea vizuri eeh?" si swali.

Kuna mtego mmoja ambao watu wengi hawauoni. Mtawauliza walio macho, wachangamfu, wanaopenda kuongea. Aliyehamishiwa uangalizi maalumu, aliyelala kwa uchovu, ambaye mtoto wake yuko chumba cha watoto njiti na yeye anashinda huko, hao wanakosekana, na hao ndo wenye hali mbaya zaidi. Mwisho wa mwezi wastani wenu unang'aa kumbe mmepima wazima tu. Andikeni na idadi ya ambao hawakuulizwa na kwa nini.

Na jumla isiwapumbaze. Chukua akina mama wawili, wote wamepata 70 kati ya 100. Mmoja kapoteza maksi kwa kutapika na kutetemeka, mwingine hatapiki wala hatetemeki ila hawezi kumshika mtoto wala kwenda choo. Wa kwanza anahitaji dawa ya kutapika na blanketi, wa pili anahitaji mtu wa kumfundisha kuinuka, dawa ya maumivu ya kutosha na labda mto wa kumwekea mtoto pembeni anyonye mama akiwa amelala ubavu. Kwenye ripoti wote ni 70. Kwa hiyo someni swali kwa swali palepale kitandani, na kabla hamjaanza kubalianeni nani anaitwa swali likipata chini ya 5 na ndani ya muda gani, mkishindwa kukubaliana hilo basi msianze, mwacheni mama alale.

Dada, mshono wangu umepona vizuri, natembea, mtoto ananyonya. Ila nalia. Nalia tu, hasa jioni, nikimwangalia mtoto nahisi simtoshi. Hakuna aliyeniuliza chochote, wote wanauliza mshono. Ni wiki ya tano. – Sina Jina

Mdogo wangu, nakuuliza mimi. Machozi ya siku ya tatu mpaka ya tano yanawapata wengi sana, homoni zimeshuka, usingizi hakuna, na ndani ya wiki mbili huwa yanaondoka yenyewe. Wiki ya tano siyo hayo tena.

Kipimo chake kipo tangu 1987, kilitengenezwa Uskochi, kinaitwa kipimo cha Edinburgh, maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita: umeweza kucheka, umejilaumu bure, umeogopa bila sababu, umekosa raha mpaka usingizi ukakataa. Kila jibu 0 mpaka 3, jumla 30, na hapa ni kinyume na lile dodoso jingine, maksi zikipanda ndo hali mbaya, wengi wanachukua 13 kwenda juu kwamba huyu aonwe na mtaalamu bila kuchelewa. Hakikupi jina la ugonjwa, kinasema tu aangaliwe vizuri. Omba ufanyiwe, kitaje hivyohivyo kwa jina, nesi wa kliniki ya mama na mtoto akisema hana mwambie basi nataka kuongea na mtu kuhusu kulia kwangu. Swali la kumi linahusu kutaka kujidhuru, na hilo halisubiri jumla: kama wazo hilo limekupitia, hata mara moja, mwambie mtu aliye karibu yako leo hii na mwende hospitali leo hii. Inatibika, na unaweza kutibiwa huku unanyonyesha.

Wiki sita zimeisha kesho. Ndo nimepona rasmi? – Naulizia Tu

Hapana, ndo tarehe ya kliniki imefika. Shirika la Afya Duniani linataka mama aonwe ndani ya saa 24 za kwanza, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, halafu wiki ya sita, kwa hiyo kama hii ndo mara yako ya kwanza kuonwa umeshachelewa tatu, nenda hivyohivyo. Ukuta wa tumbo ndani bado haujarudisha nguvu yake yote hata kama nje umebaki mstari mwembamba. Ganzi juu ya mshono, ile ya kugusa na kuhisi kama ngozi si yako, inaweza kukaa miezi, mishipa midogo ya fahamu ilikatwa. Na mimba nyingine, ushauri ni kusubiri angalau miezi 24 tangu ulivyozaa, kwa hiyo kesho hiyohiyo ulizia uzazi wa mpango kabla hujatoka mlangoni.

Usiku wa leo chukua karatasi ujiulize yaleyale, natembea, namnyanyua mtoto, choo, usingizi, maumivu nikiinuka, damu imekauka au bado, ninavyojisikia moyoni, kila kimoja 0 mpaka 10. Chochote kilicho chini ya 5 kiandike juu kabisa, na maumivu geuza, hayo ni yaliyozidi 5. Kesho ukiingia mpe karatasi kabla hajakwambia upande kitandani aangalie mshono.